Majedwali ya Mwaka wa Atieno

Siku ile walikuwepo Mzee Idirisa, mwenye nyumba, kwenye kiti chake cha kamba. Binti yake Saada, akichagua mchele karibu na dirisha. Mama Hamisi, aliyekuwa na swali. Bwana Salimu, shemeji yake, aliyeletwa ili upande wao uwe na mwanamume. Mdogo wangu Atieno, aliyeniletea chakula cha mchana akabaki amesimama mlangoni. Na mimi, Akinyi, nikiwa na kitabu mapajani. Kulikuwa pia na kuku wa Saada, lakini hao hawakuulizwa neno. Nawataja wote kwa sababu watu wa Kaloleni, mtaa wa Mzee mjini Kisumu, wakisimulia habari hii huongeza watu ambao hawakuwepo, na kwa sababu tuliobaki hai ni Saada na mimi tu.

Nyinyi vijana mnaojifunza unajimu wa zamani, mkija kwangu huleta swali moja: nisome kitabu gani kwanza? Mnalileta na kalamu mkononi, kama mtu anayeandika vitu vya kununua dukani. Nitawajibu. Lakini kila kitabu nitakachowatajia nilikisoma nikiwa nyumbani kwa Mzee Idirisa, na siwezi kuvitaja bila kurudi kwenye chumba kile.

Wengi mnadhani nilikuwa mnajimu tangu mwanzo. Nilikuwa macho ya mtu. Baba yetu alifariki, mama akamfuata, na mimi nikatoka shule darasa la sita ili wadogo zangu wapate kula. Tulihama Katito, kwetu Nyakach, tukaja Manyatta mjini, nikawa nauza mandazi sokoni Kibuye. Mandazi niliyafunga kwa magazeti ya zamani, na wateja wangu wengi, akina mama wasiojua kusoma, waliniomba niwasomee karatasi kabla hawajaitupa. Siku moja mzee mwenye kofia ya kufuma, macho yake yamefunikwa na weupe, alisimama akisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Wewe unasoma kama mtu anayeogopa kuacha neno. Unatoka wapi?"

"Nyakach, Mzee."

"Basi, Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, mimi nina vitabu na sina macho. Njoo Jumatatu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Baba wa Mzee alikuja Kisumu na reli kutoka pwani, mama yake alikuwa mtu wa Seme, kwa hiyo alikugombeza kwa Kiswahili na kukubembeleza kwa Dholuo. Mama mmoja wa kanisa letu aliniuliza kama ni kweli nasoma majini. Nikamwambia nasoma hesabu. Akaniangalia kwa huruma, akasema afadhali majini, maana hesabu ilimshinda tangu shuleni.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza ni majedwali. Najua hamtapenda. Mnataka kitabu kinachosema mtu wa Nge ana wivu. Majedwali hayasemi chochote. Ni safu za tarakimu tu, zilizochapwa India, kila mwaka kitabu chake, zinazoonyesha kila siku Jua lilikuwa wapi, Mwezi ulikuwa wapi, Zohali alikuwa wapi. Mzee alikuwa nayo tangu miaka ya kabla ya Uhuru, yamepangwa kwenye sanduku la chai. Yasome kwa sauti. Weka rula chini ya mstari, taja tarehe, taja sayari, kisha taja tarakimu, halafu rudi uanze tena na tarehe. Mwaka mzima sikusoma kitu kingine.

Niliwahi kuruka mstari. Alikuja mama muuza samaki akitaka siku njema ya kupeleka mzigo Nakuru, nami nikamsomea Mzee Mwezi wa kesho yake. Mama akaenda siku isiyo yake, akauza kila kitu, akarudi na kitenge cha kumshukuru Mzee. Hapo ndipo tulipogundua kosa, tukipitia hesabu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kosa linaloletewa shukrani," alisema, "hilo ndilo baya. Kosa lililoleta hasara mtu atalirekebisha. Hili utalibeba ukidhani ni ujuzi."

Sikumwelewa. Nilikuwa natazama kitenge.

Kitabu cha pili ni kile mnachokiita cha hukumu. Cha Mzee kilikuwa daftari nene alilonakili kwa mkono wake ujanani kutoka kwa mwalimu wake, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Saada alinisomea, mimi nikakiandika upya kwa herufi za shule, na hicho changu ndicho mnachotoa nakala kwa mashine siku hizi. Msikisome kuanzia mwanzo. Anzeni na sehemu inayotenganisha mtu aliyezaliwa mchana na aliyezaliwa usiku. Vitabu vipya vimeitupa sehemu hiyo, na asiyeijua hajui kitu. Sayari si njema au mbaya tu. Mirihi ana moto, kwa hiyo mchana anazidisha, usiku anapoa. Zohali ni baridi. Mchana Jua linampasha, anakuwa mzito lakini mtulivu, mvumilivu kama fundi wa mawe. Usiku ni baridi juu ya baridi.

Cha tatu ni cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Kinaeleza nyumba kumi na mbili za mbingu, ya kwanza inapochomoza mashariki, ya saba inapotua magharibi, hiyo ya saba ndiyo ya ndoa. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini mwandishi wake alikuwa mtu wa kurudiarudia, na hilo lilinisaidia. Msidharau kitabu kinachorudiarudia.

Vile vijitabu vya barabarani vya bahati ya mwezi huu, na ile safu ya gazeti, vifungieni mandazi.

Sasa kuhusu saa. Hakuna kitabu kitakachowafundisha hili kwa sababu waandishi wake hawakuishi Kisumu. Mteja akikwambia alizaliwa saa mbili, uliza ni saa mbili ya nani. Kuna ya kwetu, kuna ya kadi ya zahanati, na muuguzi mwingine huandika moja akisema nyingine. Waislamu huhesabu siku kuanzia Jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa wa Saada ni Alhamisi jioni yangu. Zamani, wakati wa mkoloni, saa ya Kenya ilikuwa nyuma ya hii ya leo kwa robo saa, na robo saa inatosha kusogeza nyumba. Mimi sasa siulizi saa. Nauliza: Jua lilikuwa wapi? Mama yako alikuwa anafanya nini uchungu ulipoanza? Ng'ombe walikuwa wametoka?

Wakati ule Mzee alikuwa na njia yake fupi, na alijivunia. Watu wa huku, alisema, wamebeba saa kwenye majina. Onyango ni Jua likishapanda, Ochieng' ni mchana wa kuwaka, Odhiambo ni jioni, Otieno ni usiku. Mnajimu wa Lamu au Mombasa angelia kwa wivu. Mteja akitaja jina tu, Mzee tayari alikuwa anapanga nyumba. Mimi mwenyewe ni Akinyi na nilizaliwa asubuhi, mama aliniambia. Sikuwa na sababu ya kuitilia shaka njia hiyo.

Basi, Mama Hamisi. Mwanawe Hamisi alikuwa mekanika, kijana mpole mwenye mafuta kwenye kucha, na alikuwa anataka kumwoa Atieno. Atieno alikuwa amekubali kila kitu, hata kubadili dini, na alikuwa ameanza kujifunza kupika pilau kwa Saada, akiiunguza. Mimi nilitaka ndoa ile kuliko yeye. Nilikuwa nimewalea wadogo zangu kwa mandazi na kwa kusoma, na kwa mara ya kwanza niliona mmoja wao akiingia kwenye nyumba yenye mama ndani yake.

Mama Hamisi hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Mwanawe mkubwa alioa bila nyota kuangaliwa, akafa mwaka huohuo, na tangu hapo aliogopa. Alisema wazi mbele ya wote: "Mzee Idirisa, mimi msichana nampenda. Lakini ukisema hapana, ni hapana. Siziki mtoto mwingine."

"Tarehe yake?" Mzee aliuliza.

Nilikuwa nayo, kwenye kadi ya ubatizo. Saa haikuandikwa.

"Saa ya nini?" Bwana Salimu alisema. "Si anaitwa Atieno? Huyo ni wa usiku, hata kipofu anajua." Kisha akakumbuka aliko, akakohoa. "Samahani, Mzee."

"Hakuna neno," Mzee alisema. "Kipofu anajua."

Nilitoa kitabu cha mwaka ule kwenye sanduku. Nikaweka rula. Nikasoma sayari zote, Mzee akizipanga kichwani huku vidole vyake vikitembea juu ya goti. Alipofika kwa Zohali vidole vikasimama. Zohali alikuwa magharibi, nyumba ya saba, usiku.

"Nyar Nyakach, chukua daftari. Nisomee sehemu ya Zohali."

Nikafungua nakala yangu. Mnajua ukurasa huo, ninyi mnao. Unasema ndoa ya mtu huyo huanza kwa ubaridi na kumalizikia kaburini, na kwamba wazazi wa upande wa pili waonywe. Nikasoma lote, sikuacha neno. Nilimsikia Atieno mlangoni akiweka bakuli la chakula chini.

Mzee akainamisha sikio. "Sijasikia vizuri. Rudia."

Nikarudia.

"Masikio yangu nayo yanazeeka," alisema. "Hebu nisomee tena, polepole. Una uhakika ni ukurasa wenyewe?"

"Ndiyo wenyewe, Mzee." Nikausoma mara ya tatu, kama nilivyousoma ya kwanza.

Mama Hamisi alikuwa analia kabla sijafika mwisho. Alimshika Atieno mkono alipokuwa akitoka, akasema, "Nisamehe, mwanangu," na sidhani alikuwa anadanganya. Bwana Salimu alitoka nyuma yake akiwa ameshika kofia.

Walipokwisha kwenda Mzee alisema, bila kunigeukia, "Daftari lile nililiandika kwa mkono wangu. Unadhani kuna ukurasa nisiouona?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema mwenyewe alichotaka kusema.

"Macho ni yako, mimi nimeyaazima. Nikisema kinyume cha macho yangu mbele ya watu, kesho nani ataniamini? Lakini wewe ungeweza kugeuza karatasi moja. Ukurasa unaofuata ni wa Mshtarii, ni mzuri sana. Ningeushukuru, ningenyamaza."

"Ningesoma uongo leo, Mzee, kesho ungeniamini nikisoma nini?"

"Hiyo ni kweli," alisema. "Na haitamsaidia dada yako."

Saada aliinua sinia lake la mchele akatoka nje.

Nimefundisha wengi tangu siku ile, na wanafunzi wangu wamegawanyika juu ya jambo hili. Wengine wanasema ningegeuza karatasi. Mimi sijasema hivyo hata siku moja. Msomaji anasoma kilichoandikwa. Nawaambia tu kwamba Mzee, aliyenifundisha hivyo, ndiye aliyenifungulia mlango wa kutofanya hivyo, na nilikuwa nimeshughulika na mistari kiasi kwamba sikuuona.

Nyumbani Manyatta Atieno hakupiga kelele. Alikuwa anaosha bakuli lile. "Si ungekohoa tu, dada," alisema. "Ukifika hapo kwa Zohali, ukohoe. Bwana Salimu alikohoa kwa jambo dogo zaidi."

Baada ya miezi michache alienda Asembo Bay kununua samaki na kuwaleta mjini, halafu akawa haleti tena, akabaki huko na mwanamume mwenye mitumbwi. Hakuna aliyewaangalizia nyota. Alikuwa mwanamume mcheshi, nilimpenda. Akaugua, akafa, na Atieno akaanza kukonda.

Mliozaliwa baadaye hamwezi kujua miaka ile ilikuwaje ufukweni huku. Kila boma lilikuwa na udongo mpya. Maseremala wa Manyatta waliacha kutengeneza vitanda. Na watu walikuja kwetu, Wakristo na Waislamu, wakiwa na tarehe ambayo mgonjwa alilala kitandani, maana mnajua kuna sehemu ya vitabu inayohukumu ugonjwa kwa saa hiyo. Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi mpaka ikawa haina maana. Siku moja Mzee alinikatiza katikati ya mstari. "Funga. Walioandika hiki hawakuugua huu. Waambie waende hospitali, na wewe usimsomee mtu sehemu hiyo tena." Sijaisoma tena. Ninyi pia, irukeni. Katika nakala yangu nimeziunganisha kurasa zake kwa gundi, na anayezibandua si mwanafunzi wangu.

Habari za Atieno zilifika mjini. Mama Hamisi alikuja Kaloleni na kilo za sukari, akakaa pale pale alipokaa siku ile. Hamisi alikuwa ameoa mtu mwingine, wana watoto. "Mzee, Akinyi," alisema, "najua ni uchungu kwako, lakini lazima niseme. Vitabu vyenu vilisema kweli. Mmeniokolea mwanangu."

Nilimwona Mzee akipapasa sukari ile kama anatafuta kitu ndani yake. Mimi nilikumbuka kitenge. Lakini sikuwa na sababu bado ya kukikumbuka.

Sababu niliipata Katito. Tulienda kumzika mjomba, na usiku ukiisha wanawake tulikuwa jikoni tukipika chai ya waombolezaji. Waya Pelesia, dada wa baba yangu, aliniuliza hali ya Atieno. Nikamwambia ni mbaya. Nikasema, kama mtu anayejifariji, kwamba ilikuwa imeandikwa tangu alipozaliwa usiku ule.

"Usiku gani?" Waya alisema. "Nani alizaliwa usiku?"

"Atieno."

Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Nyathina, mwanangu, Atieno alizaliwa mchana kweupe. Ilikuwa siku ya soko, Jua liko utosini, mama yako ameacha ndizi zake chini, mbuzi wa watu wanakula. Mimi ndiye niliyefukuza mbuzi. Mtoto akalia, akalia, akakataa ziwa. Tukaanza kuwataja waliokufa, mmoja mmoja. Tulipofika kwa nyanya yako Atieno, akanyamaza. Basi, akawa Atieno. Nyanya yako ndiye aliyekuwa wa usiku."

Jambo hili kila mtoto wa Nyakach analijua. Jina laweza kuwa la saa, laweza kuwa la marehemu aliyerudi kulitaka. Mzee alilijua, mama yake alikuwa wa Seme. Mimi nililijua. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu njia fupi ilikuwa imetupeleka vizuri mara nyingi. Kwa hiyo andikeni hili kwa kalamu zenu, kabla ya jina la kitabu chochote: usichukue saa kwenye jina bila kumwuliza aliyekuwepo. Na kama ni yatima, tafuta shangazi yake.

Nilienda Asembo Bay nikamweleza Atieno. Alikuwa amelala kwenye mkeka nje, kwenye joto, kwa sababu alisikia baridi kila wakati. Nilimweleza yote: kwamba ukizaliwa mchana Zohali si yule, kwamba mbingu nzima inageuka, nyumba zote zinahama, kwamba ule ukurasa niliousoma mara tatu ulikuwa wa nyanya yetu.

Alinisikiliza huku amefumba macho. "Kwa hiyo hukukosea kusoma," alisema.

"Hapana."

"Ulisoma vizuri kabisa. Mtu mwingine." Akatabasamu, meno yamekuwa makubwa usoni. "Basi nina deni kwako, dada. Hapana, nimesema vibaya. Wewe ndiye mwenye deni. Nenda ukanisomee upya. Ya mchana. Uje unisomee hapa hapa, na usikohoe."

Nikasema nitakuja. Mzee naye alikuwa amelala wiki hizo, na yeye ndiye aliyejua kupanga nyumba bila karatasi. Nikasema nitangoja apate nafuu, tufanye pamoja. Hakupata. Tulimzika kwa haraka, kama wafanyavyo Waislamu, na kabla mvua hazijaanza nikamzika Atieno.

Saada alinipa sanduku la chai. Alisema vitabu vile havina mrithi ila anayevisoma. Baadaye nilijifunza kupanga nyumba mwenyewe, nikafanya kazi hiyo miaka mingi, watu wakatoka hata Kendu Bay kuja kuniuliza Jua lilikuwa wapi. Nimewahesabia nyota waliooana na walioachana, na watoto wao. Sasa nimeacha kupokea wateja, nawapokea ninyi.

Mkija mnaona majedwali yote yako rafuni, na moja liko mezani, rula ndani yake. Rula iko kwenye mstari wa siku ya soko. Kazi yenyewe si ndefu, hata yule mdogo wenu angeimaliza akisubiri chai. Nimeketi mbele yake mara nyingi. Nikikuta Zohali wa mchana naye amehukumu vilevile, nitakuwa nimemsomea mara ya nne. Nikikuta mbingu ilikuwa nzuri, mbingu ya mtu wa kuzeeka karibu na mekanika mpole, itabidi niende Asembo Bay nikaisome kwa sauti juu ya udongo.

Kwa hiyo azimeni chochote. Chukueni daftari la hukumu, chukueni kile cha Kiingereza kisicho na jalada, chukueni hata sanduku. Hicho cha mezani kiacheni. Bado nadaiwa humo.